Leonhard Euler: Kipofu aliyeithibitisha namba 2,147,483,647

MWAKA 1772 mtaalamu wa hisabati mwenye umri wa miaka 65, ambaye macho yake yalikuwa yamekwishapoteza nuru, alituma barua kutoka St Petersburg, Urusi, kwa mwanasayansi mwenzake wa Akademia ya Sayansi ya Berlin. Ndani ya barua hiyo mlikuwa na taarifa fupi kwamba namba 2,147,483,647 haigawanyiki kwa namba yoyote isipokuwa 1 na yenyewe.

Mtu huyo alikuwa Leonhard Euler, mzaliwa wa Uswisi. Kwa taarifa hiyo alimaliza mjadala uliokuwa umedumu tangu mwaka 1603, na kwa muda wa miaka 95 iliyofuata namba hiyo ndiyo iliyokuwa namba tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana duniani.

Ili kuelewa ukubwa wa kazi hiyo, yafaa kukumbuka kwamba mtu akiamua kuhesabu kuanzia 1 hadi kuifikia namba hiyo, akitaja namba moja kila sekunde bila kula wala kulala, atahitaji miaka 68. Euler hakuwa na mashine ya kukokotoa. Alikuwa na kumbukumbu yake, wasaidizi wa kumwandikia, na elimu aliyoikusanya kwa nusu karne.

Leonhard Euler alizaliwa tarehe 15 Aprili, 1707 katika mji wa Basel. Baba yake, Paul Euler, alikuwa mchungaji wa Kanisa la Kiprotestanti, na mama yake, Marguerite Brucker, naye alitoka katika ukoo wa wachungaji. Muda mfupi baada ya kuzaliwa kwake familia ilihamia Riehen, kijiji kilicho jirani na mji huo, na huko ndiko alikokulia.

Baba ndiye aliyemfundisha mwanawe hesabu za mwanzo, kwani yeye mwenyewe aliwahi kusoma kwa Jakob Bernoulli, mmoja wa wanahisabati wakubwa wa zama hizo. Hata hivyo, lengo la mzee huyo halikuwa hisabati. Alitaka kijana wake ashike Biblia na kurithi mimbari.

Euler aliingia Chuo Kikuu cha Basel akiwa na umri wa miaka 13. Huko alikutana na Johann Bernoulli, mdogo wake Jakob, aliyekuwa profesa wa hisabati. Profesa huyo hakuwa na nafasi ya kumpa masomo ya binafsi kila siku, lakini alimpa vitabu vigumu avisome mwenyewe, na kila Jumamosi mchana alimruhusu kwenda nyumbani kwake kuuliza yale yaliyomshinda.

Mwaka 1723 Euler alipata shahada ya uzamili kwa kulinganisha falsafa ya Descartes na ile ya Newton. Alianza masomo ya theolojia kama baba yake alivyotaka, lakini moyo wake haukuwa huko. Ilibidi Johann Bernoulli mwenyewe azungumze na mchungaji huyo na kumshawishi kwamba kijana wake amejaliwa kipaji kisichopasa kuzuiwa. Baba alikubali. Hata hivyo, Euler alibaki mcha Mungu hadi mwisho wa maisha yake.

Katika nchi yake hakupata kazi. Aliomba nafasi ya uprofesa wa fizikia mjini Basel akakosa, akiwa bado hajatimiza miaka 20. Wakati huohuo wana wawili wa Johann Bernoulli, Nicolaus na Daniel, walikuwa wamekwenda Urusi katika Akademia mpya ya Sayansi ya St Petersburg. Nicolaus alifariki dunia huko mwaka 1726, na Daniel akapendekeza Euler aitwe.

Euler aliondoka Basel mwezi Aprili 1727 na hakurudi tena kuishi Uswisi. Aliwasili St Petersburg tarehe 17 Mei, 1727, siku ileile aliyofariki Malkia Catherine wa Kwanza. Kifo hicho kiliiacha akademia hiyo katika mashaka, kwa kuwa watawala waliofuata hawakuwa na mapenzi makubwa na wageni waliokuwa wakilipwa kwa kufikiri. Ili kujikimu, Euler alitumikia kwa muda katika jeshi la majini la Urusi. Mwaka 1730 alifanywa profesa wa fizikia, na mwaka 1733, Daniel Bernoulli aliporejea Basel, alishika nafasi yake ya ukuu wa hisabati.

Mwanzoni mwa mwaka 1734 alimwoa Katharina Gsell, binti wa mchoraji kutoka Uswisi aliyekuwa akifanya kazi mjini humo. Walijaliwa watoto 13, lakini watano tu ndio waliovuka umri wa utoto. Wanane waliosalia waliwazika wangali wadogo. Inasimuliwa kwamba Euler aliweza kuandika kazi zake nzito huku mtoto mchanga akiwa mapajani mwake na wengine wakicheza miguuni pake.

Ni katika miaka hiyo ya kwanza ya Urusi ndipo alipovutwa na siri za namba kamili. Aliyemwingiza katika uwanja huo alikuwa Christian Goldbach, ambaye mwezi Desemba 1729 alimwandikia kumuuliza kuhusu dai la Mfaransa Pierre de Fermat.

Fermat, aliyeishi karne ya 17, alikuwa mwanasheria wa Toulouse aliyefanya hisabati kama burudani. Alikuwa ameona kwamba namba 3, 5, 17, 257 na 65,537 zote ni tasa, na kwamba zote hupatikana kwa kanuni moja: kila moja, ukiondoa 1 na kuizidisha namba iliyobaki kwa yenyewe, kisha ukarudisha 1, huzaa ile inayoifuata. Fermat aliamini kwamba mfululizo huo hautakatika kamwe. Namba iliyofuata ilikuwa 4,294,967,297, na hakuna aliyekuwa ameweza kuichunguza.

Mwaka 1732 Euler alionyesha kwamba namba hiyo si tasa. Ni zao la 641 na 6,700,417. Hakubahatisha kuipata 641. Katika kazi aliyoitoa baadaye alieleza kwamba kigawo tasa chochote cha namba hiyo, kikigawanywa kwa 64, lazima kibakize 1. Namba tasa za aina hiyo huanza na 193, 257, 449, 577 na 641. Majaribio manne hayakufaa, na la tano likaliangusha dai la Fermat.

Funzo alilolipata hapo ndilo lililomwongoza miaka 40 baadaye. Namba kubwa haishindwi kwa nguvu ya kugawanya peke yake. Kwanza hutafutwa sheria inayovibana vigawo vyake, ili vingi viondolewe kabla ya kujaribiwa.

Umaarufu wake ulienea Ulaya mwaka 1735, alipopata jumla ya mfululizo usio na mwisho uliokuwa umewashinda wataalamu wa Basel kwa miaka mingi, wakiwamo akina Bernoulli. Lakini mwaka huohuo aliugua homa kali iliyokaribia kumwua, na kufikia mwaka 1738 jicho lake la kulia lilikuwa limekaribia kupofuka kabisa. Yeye alilaumu kazi nzito ya kuchora ramani aliyokuwa amepewa na serikali. Alikuwa na miaka 31.

Urusi ilipoingia katika misukosuko ya kisiasa, Euler alikubali mwaliko wa Mfalme Frederick wa Pili wa Prussia, na mwaka 1741 akahamia Berlin pamoja na familia yake. Alikaa huko miaka 25 na kuandika maandiko zaidi ya 300. Kitabu chake cha mwaka 1748 kuhusu uchanganuzi wa mambo yasiyo na ukomo kiliweka misingi ambayo wanafunzi wa hisabati wanaitumia hadi leo. Alama kadhaa ambazo mwanafunzi wa sekondari huziona kuwa za kawaida zilienezwa naye, ikiwamo herufi ya Kigiriki ya kutajia uwiano wa mzingo na kipenyo cha duara.

Pamoja na hayo yote, mfalme hakumpenda. Frederick alitaka barazani mwake wasemaji wenye maneno matamu kama Voltaire, ilhali Euler alikuwa mtu wa kawaida, mcha Mungu, asiyejua kujipendekeza. Katika barua zake mfalme alimkejeli hata kwa jicho lake bovu. Kiti cha urais wa akademia kilipokuwa wazi, mfalme alimpa Mfaransa Jean d'Alembert badala ya Euler aliyekuwa akiiendesha kwa vitendo. D'Alembert alikataa na kusema kwamba hakuna anayestahili kuwekwa juu ya Euler, lakini mfalme hakubadili msimamo.

Mwaka 1766 Euler alirudi St Petersburg kwa mwaliko wa Malkia Catherine wa Pili, aliyempokea kwa heshima kubwa. Furaha hiyo haikudumu. Mwaka huohuo iligundulika kwamba jicho lake la kushoto, lile lililokuwa tegemeo lake, lina mtoto wa jicho. Katika muda mfupi hakuweza tena kusoma, na alichoweza kuandika ni tarakimu kubwa kwa chaki.

Mwaka 1771 ulikuwa mgumu kupita yote. Mwezi Mei moto mkubwa uliunguza sehemu ya mji na kuiteketeza nyumba yake. Mzee huyo asiyeona angeweza kufia ndani kama si fundi mmoja mwenyeji wa Basel, Peter Grimm, aliyeingia katika moto na kumtoa akiwa amembeba. Sehemu kubwa ya miswada yake iliokolewa. Baadaye mwaka huo daktari wa macho alimfanyia upasuaji. Kwa siku chache Euler aliona tena, kisha jicho likashambuliwa na maradhi na giza likarudi, safari hii bila matumaini.

Ni mwaka mmoja tu baada ya mikasa hiyo ndipo ilipoandikwa barua kuhusu 2,147,483,647.

Namba hiyo hupatikana kwa kuchukua 2 thelathini na moja, kuzizidisha zote pamoja, kisha kuondoa 1. Umuhimu wake ulianzia kwa Wagiriki wa kale. Wao walizienzi namba ambazo jumla ya vigawo vyake, ukiacha yenyewe, ni sawa na namba hiyo. Mfano ni 6, ambayo ni jumla ya 1, 2 na 3. Na 28, ambayo ni jumla ya 1, 2, 4, 7 na 14. Namba hizo huitwa timilifu. Euclid alionyesha zaidi ya miaka 2,000 iliyopita kwamba kila mara 2 zilizozidishwa pamoja na kupunguzwa 1 zinapotoa namba tasa, inapatikana pia namba timilifu. Euler naye alithibitisha kwamba hakuna njia nyingine ya kupata namba timilifu zilizo shufwa.

Mwitaliano Pietro Cataldi alikuwa amethibitisha jambo hilo kwa 2 kumi na saba na kwa 2 kumi na tisa. Katika kitabu chake cha mwaka 1603 alidai pia kwamba 2 zikiwa 23, 29, 31 au 37 matokeo ni tasa. Mwaka 1640 Fermat aliyakanusha madai mawili, ya 23 na 37. Mwaka 1738 Euler alikanusha la 29. Likabaki la 31 peke yake. Mtawa wa Kifaransa Marin Mersenne aliliweka katika orodha yake ya mwaka 1644, lakini bila uthibitisho.

Njia ya kawaida ya kuthibitisha kwamba namba ni tasa ni kuigawanya kwa namba tasa zote zisizozidi kipeuo chake cha pili. Namba ikiwa ni zao la namba mbili, haiwezekani zote mbili zizidi kipeuo hicho. Kwa hiyo ikifika hapo bila kugawanyika, imekwisha kuthibitika. Kipeuo cha pili cha 2,147,483,647 kinakaribia 46,341, na chini ya hapo zipo namba tasa 4,792. Kwa mkono, huo ni mzigo wa miezi mingi, na kosa moja dogo hubatilisha kazi nzima.

Euler aliupunguza mzigo huo kwa hoja mbili. Ya kwanza ilitokana na kanuni ya Fermat: kigawo tasa chochote cha namba hiyo, kikigawanywa kwa 62, yaani mara mbili ya 31, lazima kibakize 1. Ya pili ilitokana na uchunguzi wa mabaki ya namba za mraba, uwanja ambao Euler aliutumikia kwa muda mrefu: kigawo hicho, kikigawanywa kwa 8, lazima kibakize 1 au 7. Hoja hizo mbili zikiunganishwa, kigawo kikigawanywa kwa 248 lazima kibakize 1 au 63, si vinginevyo.

Kwa sheria hiyo namba za kujaribu zilishuka hadi zisizozidi 372, na nyingi kati ya hizo si tasa, hivyo zinaweza kuachwa. Zilizosalia zote zilijaribiwa na hakuna hata moja iliyoigawanya 2,147,483,647 bila baki. Kwa matokeo hayo, Cataldi akawa amepatia mara moja kati ya madai yake manne, na namba timilifu ya nane ikapatikana: 2,305,843,008,139,952,128.

Upofu haukupunguza kasi ya Euler. Aliwatamkia maneno na hesabu wasaidizi wake, wakiwamo mwanawe Johann Albrecht, Anders Lexell, na kuanzia mwaka 1773 Nicolas Fuss, kijana aliyeletwa kutoka Basel. Kitabu chake cha algebra, kilichokuja kusomwa Ulaya nzima, alimtamkia kijana aliyekuwa na elimu ndogo ya hisabati, na inasimuliwa kwamba kijana huyo alikwisha kuielewa algebra kazi ilipomalizika. Katika mwaka 1775 alitoa wastani wa andiko moja kila juma.

Mkewe Katharina alifariki dunia mwaka 1773. Miaka mitatu baadaye Euler alimwoa Salome Abigail Gsell, dada wa mkewe kwa baba, ili nyumba yake isikose mtunzaji.

Tarehe 18 Septemba, 1783 Euler alifanya kazi kama kawaida. Alimpa mjukuu wake somo la hisabati, akafanya hesabu zinazohusu kuruka kwa maputo, na akazungumza na Lexell kuhusu njia ya sayari ya Uranus, iliyokuwa imegunduliwa miaka miwili kabla. Jioni alipatwa na kiharusi na kufariki akiwa na umri wa miaka 76. Akademia ya St Petersburg iliendelea kuchapisha maandiko aliyoyaacha kwa karibu miaka 50 baada ya kifo chake.

Namba yake nayo iliendelea kuishi. Mwaka 1811 mwanahisabati Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba namba timilifu iliyotokana nayo huenda ikabaki kuwa kubwa kuliko zote daima, kwa sababu hapangetokea mtu wa kujisumbua kutafuta kitu kisicho na faida. Barlow alikosea. Mwaka 1867 ilipatikana namba tasa kubwa zaidi, na mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alithibitisha ile ya 2 zilizo 127, yenye tarakimu 39. Mwezi Oktoba 2024 ilitangazwa namba tasa ya aina hiyohiyo yenye tarakimu 41,024,320, iliyopatikana kwa kompyuta.

Faida nayo ilikuja kwa mlango ambao Barlow asingeweza kuufikiria. Kompyuta nyingi zilitengenezwa zikitunza namba kamili katika nafasi 32 za 0 na 1. Nafasi moja hutumika kuonyesha kama namba ni chanya au hasi, zinabaki 31, na namba kubwa kuliko zote inayoweza kukaa humo ni 2,147,483,647. Mwaka 2014 mtandao wa YouTube ulilazimika kubadili kihesabio chake baada ya video ya wimbo mmoja wa Korea Kusini kutazamwa mara nyingi kupita kiwango hicho.

Aidha, kompyuta nyingi huhesabu wakati kwa sekunde kuanzia mwanzo wa mwaka 1970. Zile zenye nafasi 32 zitafikia ukomo wake tarehe 19 Januari, 2038, saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Sekunde itakayofuata, mashine ambayo haijarekebishwa itarudi nyuma na kudhani iko mwaka 1901. Ndiyo sababu wahandisi wamekuwa wakizihamishia mashine kwenye nafasi 64.

Uswisi, iliyomnyima kazi akiwa kijana, iliweka sura yake katika noti ya faranga 10 iliyotolewa mwaka 1979 na kutumika hadi mwaka 2000. Kazi ya kuchapisha maandiko yake yote ilianza nchini humo mwaka 1911, ikachukua zaidi ya karne moja na kujaza majuzuu zaidi ya 70. Kaburi lake liko St Petersburg, katika makaburi ya Monasteri ya Alexander Nevsky, ambako mabaki yake yalihamishiwa mwaka 1956.